Uso wa Chini Kushoto

Mabango ya filamu yalitanda sebuleni hata pa kukanyaga hapakubaki. Mdadisi, jina alilopewa nyumbani kwa wingi wa maswali yake, alitambaa kati yake kwa magoti. Baba yake ndiye aliyeyachora enzi za ujana, majumba ya sinema yalipokuwa bado yakitundika kazi za mikono. Sasa chuoni binti alitakiwa kuichambua lugha ya mabango.

Lugha yenyewe haikuwa ngumu. Shujaa hukaa juu, ameogeshwa dhahabu, macho yakitazama mbali. Mpenzi humwegemea bega. Mwovu husukumwa chini kushoto, mwanga ukimpiga kutoka kidevuni hadi mashimo ya macho yageuke mapango.

Mashujaa walibadilika bango kwa bango. Mwovu alikuwa mmoja. Ndevu zilikuja zikaenda, kofia zikapokezana, lakini pua ile iliyopinda na taya lile lililojaa vilibaki palepale. Alikuwa baba mdogo, ambaye mchana huohuo angekuja kumchukua akaishi kwake, karibu na chuo.

Shaka ni kama kupe, ikishang'ata, hunenepa. Mbona ndugu hawa wakikutana huzungumzia mvua tu? Mbona baba hajawahi kulala kwa mdogo wake?

Alimkuta baba chumbani akipiga pasi shati.

"Baba, baba mdogo alikukosea nini?"

Pasi ikaganda hewani. "Nani kakwambia kanikosea?"

"Wewe. Kwenye mabango yote."

Baba akacheka, ila kicheko kilichelewa kufika. "Ah, yale! Yeye ndiye aliyekubali kunikalia kigodani nimchore, nikamwekea taa miguuni. Uso wa mwema waweza kuubuni, mwanangu. Wa mwovu unataka mtu wa kweli."

"Unayempenda au unayemchukia?"

"Anayejua kutulia," alijibu, akairudisha pasi kwenye kola iliyokwisha kunyooka zamani.

Jibu lilimpoza. Akajicheka: kumbe alikuwa amemfunga mtu kwa kosa la kujua kutulia!

Hodi ilipobishwa alikimbilia mlangoni kwa furaha. Baba mdogo alivua viatu, akapiga hatua moja, akasimama. Kisha akachuchumaa taratibu mbele ya bango lililokuwa karibu.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, baba mdogo. Baba kaniambia ulikuwa ukimkalia akuchore."

"Nani? Mimi?" Akageukia bango la pili, la tatu. "Miaka hiyo sikukanyaga kwa kaka. Hata salamu tulikuwa hatupeani."

"Kwa nini?"

Kidole cha baba mdogo kilifuata mstari wa taya bila kuigusa rangi. "Kanichora kwa kichwa, bila kuniona," alinong'ona, na Mdadisi hakuweza kujua kama ni uchungu au ni mtu aliyepokea salamu zilizochelewa.

"Umefika, mdogo wangu?" Baba alisimama kizingitini, shati mkononi, akiangalia dirisha.

"Nimefika, kaka."

"Njiani mvua vipi?"

"Ilinyesha kidogo."

Mdadisi alimtazama baba yake, uso aliodhani anaujua kama kiganja chake, akatafuta mahali pa kuanzia kuusoma. Baba akanyoosha mkono achukue begi la safari la binti lililoegemezwa ukutani.

Binti akaliwahi, akalishika mwenyewe.