Nakala Tisa za Ukurasa Mmoja

Wiki ya tatu baada ya kumzika binti yake mkubwa, mama alirudi kazini asubuhi, na jioni akaketi mezani kupanga daftari. Hakuwa mtu wa kukaa na huzuni mikono mitupu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza mafaili ya wagonjwa hospitalini, na marehemu alizoea kumtania: "Mama, siku ukifika mbinguni utawapanga malaika kwa herufi."

Daftari lenyewe lilikuwa la mtandaoni. Mama alilifungua mwaka figo za binti zilipoanza kugoma, akamfundisha kulitumia: ukikuta ukurasa wa maana, bonyeza kitufe, unahifadhiwa, pembeni pana nafasi ya kuandika lako. Kwa miaka miwili walitupia humo kila walichookota: dawa, vyakula, madaktari, na wale wanaouza miujiza kwenye chupa. Kurasa mia sita na ushei, shaghalabaghala.

Mama akazigawa. Dawa huku, vyakula kule, waongo peke yao. Ukurasa mmoja, wa vyakula vya mgonjwa wa figo, ulikuwa umehifadhiwa mara tisa. Kule kazini sheria ilikuwa moja: karatasi ikiwa na nakala, ya zamani inabaki, nyingine zinachanwa. Akabakiza wa kwanza, akafuta nane, akamwaga na pipa la taka la daftari. Usiku huo alilala fofofo.

Jumamosi akaja kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea mji wa pili. Hata mkoba hajautua.

"Mama, lile daftari lenu bado lipo?"

"Lipo, na sasa linapendeza. Njoo uone."

"Nataka ule ukurasa wa vyakula vya figo."

"Figo zako zina nini?"

"Hazina kitu. Dada alikuwa ananiandikia barua pembeni. Kila alipolazwa aliuhifadhi upya, akaandika nyingine. Alinikataza nisizisome mpaka aondoke. Wiki tatu nimeogopa kuzigusa, leo nimeshindwa kungoja."

Mama alishika ukingo wa meza, akakaa.

"Mbona ukurasa huo?"

"Kwa sababu wewe hurudii kitu ulichokwisha kukisoma. Alisema hapo ndipo pa kuficha."

"Si angeniambia."

"Angekuambia, ungesoma. Halafu ungemsahihisha."

Mama hakujua kuzunguka jambo, na siku hiyo hakujifunza. "Nimezifuta," alisema. "Nilidhani ni nakala."

Binti hakupiga kelele. Alivuta kompyuta, akafungua pipa la taka. Tupu. Akawaandikia wenye mtandao wa daftari. Jibu likaja chai haijapoa, la adabu na fupi: kilichomwagwa hakirudishwi. Akafungua ukurasa uliobaki. Pembeni palikuwa na maandishi, mistari mitatu, naye akainama upesi kuisoma.

*Soma yote. Chumvi marufuku. Usinibishie.*

"Huu ni wako," alisema.

"Ndio wa kwanza. Niliuhifadhi mimi."

Binti alitoa kicheko cha pumzi moja, kisha uso ukamkunjika kama wa mtoto. Mama alinyoosha mkono, ukaishia kwenye kopo la sukari.

"Hukuona hata moja, Mama? Hata neno?"

Kusema hapana kungekuwa rahisi kwa wote wawili.

"Moja niliiona, wakati nafuta. Ilianza kwa jina lako. Halafu, 'Leo nimeota tuko'."

"Tuko wapi?"

Mama alifumba macho. Mwanamke huyu, ukimtajia mgonjwa wa miaka kumi iliyopita, anakuambia rafu na mstari bila kuinuka kitini. Sasa alisaka kichwani mwake pote, akakuta maneno yale machache tu, na baada yake kidole chake mwenyewe kikibonyeza.

"Sikuendelea. Nilikuwa nahesabu."

"Tuko wapi, Mama?" Binti aliuliza tena, taratibu, kama anavyowauliza watoto wake darasani wakijua jibu na kuogopa kulisema.

Mama alitamani kumpa mahali. Nyumba ya kwanza, yenye ngazi walizochezea. Shule yao. Popote pangefaa, na mtoto angeamini, na kupapenda, na kupashika mpaka uzeeni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui."