Unga wa Adongo

Wivu hauna haya, nyie! Evelina alikuwa anaijua misuli ya Adongo kuliko alivyoyajua mashavu ya mumewe.

Wanawake hao wawili walibeba kreti za sangara pale mwaloni, samaki wanaposhushwa kando ya ziwa, kutoka mtumbwini hadi kwenye gari la kiwanda cha minofu. Wote walishapita hamsini. Lakini Adongo, Mjaluo wa Shirati, aliinua kreti kama ungo wa mchele, na Evelina, mikono imebaki ngozi na mifupa, alihema kabla hajainama. Roho ilimuuma. Ilimuuma hasa!

Kisha msimamizi, Ndalahwa, akatangaza kwamba kiwanda kinapunguza watu. Atabaki mwanamke mmoja tu. Jumamosi watapimwa, kila mmoja kreti tatu.

"Yule ana dawa," Evelina alijisemea. Si alimwona? Kila siku saa nne asubuhi Adongo huwageuzia wenzake mgongo, hufungua fundo la kanga na kutoa kimfuko cha unga wa kijivu. Alhamisi, Adongo alipoiacha kanga ufukweni na kwenda kuoga ziwani, Evelina akakiiba. Kunusa hakunusa, mwaloni pale kila kitu kinanuka samaki.

Na dawa ya nguvu huchanjwa, nani asiyejua? Jioni alimpakulia mumewe, Ngosha, kichwa cha sangara chote kama siku zote, yeye akamalizia ugali kwa mchuzi. Ndivyo alivyolelewa: nyama ya baba, mchuzi wa mama. Halafu akajifungia jikoni, akajichanja mikono yote miwili kwa wembe, akaupaka ule unga mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi mikono ilikuwa imevimba kama viazi. Paka wa mwaloni walimfuata nyuma. Aliikamata kreti ya kwanza, ikafika magotini, ikamponyoka. Sangara wakatapakaa mchangani. Adongo akabeba zake tatu, kisha akairudia ile ya Evelina, akaibeba nayo.

Ndipo akamshika mkono, akaziona chale, akanusa.

"Mama Shimba! Unga wangu wa dagaa umeufanya nini?"

"Dagaa?"

"Dagaa na karanga. Natia kwenye uji. Nyama ilipoanza kunitoka mikononi nikasema, mimi si wa kulamba mchuzi maisha yangu yote. Nawageuzia mgongo maana mkiuona mtaumaliza. Lakini wewe ungeniomba tu, dada, ningekupa."

Afadhali angekuwa mchawi! Mchawi unamchukia, unalala.

Jioni ile Ngosha alinawa, akasubiri. Evelina akakiweka kichwa cha sangara mbele yake mwenyewe. Akala mashavu, akala shingo, akanyonya macho, akitafuna kwa hasira huku chale zikimwasha moto.

"Na mimi je?" Ngosha aliuliza.

"Mchuzi huo hapo, baba Shimba. Chovya ugali."