Uso wa Glenys Rudkin

Miaka arobaini na moja Glenys Rudkin ameigiza kwenye filamu na televisheni za Uingereza, na miaka yote hiyo kamera haijamkaribia. Amekuwa muuguzi, mama mwenye nyumba, jirani aliyesikia kelele. Maiti mara nne. Madukani Leeds watu humkodolea macho: "Wewe nakujua, ila jina tu!" Leo, kwenye tamthilia ya upelelezi, alikuwa mama wa binti aliyezama. Alipewa kurasa mbili nzima za maneno, na ahadi kwamba uso wake utapigwa picha kwa karibu.

Walianza na nyota, Dominic Farrant. Kila alipopigwa picha, Glenys alisimama kando ya kamera, asikoonekana, akimpa maneno na machozi ya kweli ili bwana yule apate cha kuitikia. Ndiyo adabu ya kazi: nikulilie, nawe unililie. Mara saba! Ilipofika zamu ya Glenys, bwana mkubwa kaenda zake garini kunywa chai. Wakabandika kipande cha utepe kwenye mlingoti wa taa, eti ndiye Dominic wa kumtazama. Loo, utu gani huo?

Hata hajafungua kinywa, Harriet, mwongozaji, akatazama dirishani. "Jua la Novemba halisubiri mtu. Glenys, yako tutatumia ile picha ya mbali. Sawa, mpenzi?"

Ya mbali! Humo ulionekana mgongo wake tu. Damu ilimchemka Glenys mpaka masikio yakamwaka.

Mara fundi wa sauti akavua vidude vyake masikioni. "Ile nzuri ya Dominic imeingia mlio wa ndege. Haifai."

Dominic akaitwa, akaja anajifuta mdomo. "Haya bibie, simama pale, nimwagie yale machozi."

"Machozi yangu si maji ya bomba."

"Unasemaje?"

"Silii! Kamera igeuzwe kwangu kwanza. Mkataba unataka niigize, hautaki nikulilie wewe."

"Watu wanawasha televisheni kuniona mimi, Glenys."

"Basi wakuone!" Akavuta kiti, akakaa.

Harriet akamsimamisha msaidizi wake asome maneno ya mama. Akayasoma kama orodha ya sokoni, na Dominic akabaki kakodoa macho, mkavu, huzuni hana hata chembe. Wakarudia. Yale yale. Nje mwanga unakwisha.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," fundi wa sauti akanung'unika, kwa sauti ya kusikika na wote.

Harriet akauma meno. "Geuzeni kamera! Dominic, yako tutachagua kwenye zile sita zilizobaki. Simama pale umsomee."

Callum, mpiga picha, akaisogeza kamera karibu, karibu zaidi, akachungulia. "Mama, upande wako mzuri ni upi?"

Glenys akageuza uso kushoto, akageuza kulia. Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."