Ndoo ya Mahindi

Ile bustani ya Saint Paul waliiita ya Mfalme. Mfalme gani, hakuna aliyejua, maana Wamarekani mfalme walishamfukuza zamani. Lakini kulungu walikuwemo tangu enzi za mababu zao, arobaini na mmoja ndani ya uzio, katikati ya jiji, na aliyewalisha kwa miaka sita alikuwa Evodius, Mhaya wa Bukoba.

Sasa, ukoo wa Evodius mwiko wao ni kulungu. Hawamuui, hawamli, na akifa mikononi mwao wananyoa nywele kama wamefiwa na mtu. Usiniambie kulungu wa Marekani ni mwingine. Yeye aliyaona yale macho, yakamtosha. Baba yake alimwandikia: "Mwanangu, umepewa ndugu zako uwatunze." Evodius alicheka, ila barua akaiweka ndani ya Biblia. Kila asubuhi aligonga ndoo ya mahindi mara tatu, nao wakaja mbio na kumsukumasukuma kwa pua.

Januari ya mwaka tisini na saba manispaa ikasema wamezidi, wanamaliza miti, wapigwe risasi na nyama wapewe maskini. Wapigaji wakahangaika siku mbili, wakatoka mikono mitupu. Wanyama walikuwa wamejificha bondeni. Ndipo bosi wake, Harrison, akamwita.

"Wewe wanakusikia. Kesho utagonga ndoo."

"Siwezi, bosi. Mimi na hawa..." Habari za mwiko angeanzia wapi?

"Basi acha kazi. Sikulazimishi."

Acha kazi! Rahisi kusema. Mkewe, Dafrosa, figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine, na iliyolipia mashine ni bima ya kazi hiyohiyo. Kazi ikienda, Dafrosa hamalizi mwezi.

Asubuhi Evodius alisimama kwenye theluji, akagonga mara moja, akashusha mkono, akimwomba Mungu awatie uziwi. Harrison akamkodolea macho. Akagonga ya pili. Ya tatu. Wakaja, jamani, wakaja wote! Risasi zilipoanza hawakumkimbia, walimkimbilia yeye. Jike mmoja mzee akajibanza nyuma ya miguu yake, akitetemeka.

"Sogea kidogo," mpigaji alimwambia.

Akasogea.

Nyumbani kwao Oakdale, Dafrosa alimkuta bafuni amenyoa kichwa chote.

"Baba Irene! Nani kafa Bukoba?"

Akamwambia si Bukoba. Akamwambia ni wangapi, na nani aliyewaita. Sababu alitaka kumficha, lakini ikamtoka.

Dafrosa aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akalia kwa kwikwi. "Ungeniacha tu."

"Nisingeweza."

"Najua." Akajifuta uso kwa kanga. "Na mimi, Mungu anisamehe, nisingekubali uniache. Nipe huo wembe."

Alhamisi alikwenda kwenye mashine kama kawaida. Joan, nesi Mkenya aliyemzoea, alipokiona kile kipara hakuhitaji kuambiwa kuna msiba.

"Woi, pole sana, dada. Mmepoteza nani?"

"Ndugu za mume wangu," alisema Dafrosa, akanyoosha mkono achomwe sindano.