Mgeni wa Mabatini

Jovinary alikuwa ametoka Bukoba na meli, kidato cha nne kimeisha, kijiji hataki hata kukisikia. Shangazi yake Prudencia, aliyempokea Kirumba, alimwambia wazi: "Mpaka Jumamosi uwe umepata kazi, baba. La sivyo unapanda meli, ukachume kahawa kwa mama yako."

Basi kijana akawa anatembea. Mtaa huu, mtaa ule, maana Mwanza kwake ilikuwa nchi nyingine: watu wanasalimiana Kisukuma mpaka salamu inakuwa safari, nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Leo kapita Mlango Mmoja kwenye mitumba, mashati yamemwagwa chini kama mahindi, maana siku hizi biashara ni ruksa; kaulizia kazi, kachekwa. Akasonga hadi Mabatini, akapanda kilima kwa vijia vinavyopita uani kwa watu.

Huko juu mama mmoja, Ng'washi, alikuwa anaanika michembe jiweni, vile viazi vitamu wanavyokata vipande na kukausha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unapita hivihivi kama upepo? Kaa ule."

Akaletewa michembe ya kuchemsha na karanga. Akala, bwana. Akaongezewa, akala. Katika maongezi akaeleza shida yake ya kazi.

"Msubiri mume wangu," mama akasema. "Ana duka kule barabarani, anatafuta mtu wa kupandisha sabuni na chumvi huku, nyumba kwa nyumba. Waliotangulia miguu iliwashinda."

Mara mumewe, Mhoja, huyo, anahema. Akaelezwa, akamgeukia mgeni: "Umekula lakini?"

"Bado, baba. Sijala."

Wala hakudanganya. Kwao Uhayani kama hujaweka ndizi tumboni hujala. Vingine ni vya kuchezea meno. Lakini Ng'washi alishusha ungo. Majirani wawili waliokuwa wanasukana pale uani wakageuka kutazama.

"Sahani mbili," mama akasema taratibu. "Kazila nani, jiwe hili?"

Mhoja akakunja uso. "Unamwaibisha mke wangu mbele ya watu, halafu nikupe mali yangu upite nayo majumbani?"

Jovinary aliiona meli kabisa. Akachuchumaa mbele ya mama. "Nisamehe, mama. Kwetu bila ndizi tunasema hatujala, mdomo umezoea tu. Nimeshiba mpaka mkanda nimelegeza, tazama."

Kweli, mkanda ulikuwa unaning'inia. Jirani mmoja akaanza kucheka, kisha mama mwenyewe. "Ee, Wahaya! Tumbo limejaa, mdomo unalia njaa!"

Mhoja hakucheka. "Wateja wangu wote watakukaribisha michembe. Wakikuuliza, utasema nini?"

"Nimekula, nimeshiba, asante."

"Sema tena."

Akasema tena. Mhoja akamtazama miguu, viatu vimelika kisigino.

"Njoo kesho asubuhi. Katoni ya kwanza inakwenda kule." Akaonyesha nyumba iliyo juu kuliko zote.

Jovinary akaanza kuitafutia njia kwa macho, jiwe kwa jiwe.