Boya Lililokatwa Mbaha

Hilda hakumwamkia mjomba wake. Alisimama mbele ya wavu ulioanikwa ufukweni mwa ziwa, kijijini Mbaha, akashika kipande cha plastiki ya njano kilichofungwa humo ili wavu uelee.

“Mjomba Cuthbert, hiki umekitoa wapi?”

“Siku hizi watu hawaamkiani?”

“Nimekuuliza umekitoa wapi!”

Jibu alilijua. Mwaka huo wa 1994 yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa hali ya hewa pale. Mradi wa wafadhili ulikuwa umetia boya la njano ziwani, na chini yake kamba ndefu yenye vipimajoto. Watabiri Dar es Salaam walitaka joto la maji ya chini pia. Maji ya chini yakiwa baridi, upepo huyakoroga, ziwa likapoa na dhoruba ikafifia. Lakini joto likizama hadi chini, dhoruba hupata chakula, kama vimbunga vya baharini.

Kisha boya likatoweka. Hilda akabaki kuchota maji ya juu kwa ndoo na kuyapima. Bila vipimo vya chini, redio ikatangaza upepo wa kawaida. Vitalis, mvuvi wa pale kijijini, akaenda kuvua usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, dhoruba ikamkuta katikati ya ziwa. Walimzika Jumamosi.

“Nimelikata,” alisema mzee. “Lilikuwa linanasa nyavu zangu. Nani aliniuliza kabla ya kulitia pale? Walikuja na boti, wakapiga picha na diwani, wakaondoka. Mimi navua pale tangu hujazaliwa!”

“Nilitangaza kanisani!”

“Ulitangaza kwamba ni mali ya mradi, tusiguse. Ni la nini, hukusema.”

Hasira ikampanda Hilda zaidi. “Vitalis amekufa, mjomba!”

Luisa, mjane wa Vitalis, alikuwa amefika nyuma yao na kuyasikia yote. Hakulia. Aliokota kisu cha kuparia samaki, akaanza kukata vipande vya njano kutoka kwenye ule wavu, na nyuzi za wavu zikikatika pamoja navyo. Cuthbert aliinuka, akamwona uso, akakaa tena.

“Kamba iko wapi?” Hilda aliuliza.

“Nimefungia mbuzi.”

Kesho yake waliwafungua mbuzi. Vipimajoto viwili tu ndivyo vilivyokuwa vizima. Hilda akavifunga upya kwenye kamba, na vile vipande vya njano akavifunga pamoja kuwa boya, huku akisonya kila fundo, kisha wakaingia mtumbwini, yeye na mjomba wake.

“Wapi halitakunasia nyavu?” aliuliza, bila kumtazama.

Mzee alionyesha kwa kafi upande wa kusini, palipo na kina. Wakalitia pale. Luisa alikuwa amekataa kuja. Alisema boya halimrudishii mtu, na akitaka kumlaani Cuthbert atamlaani, asizuiwe.

Hakuna aliyemzuia. Mchana Hilda akapeleka vipimo viwili kwa redio ya mawasiliano, na watabiri wa Dar es Salaam walipomuuliza kwa nini ni viwili tu, aliwajibu kwa sauti iliyosikika hadi nje: “Kwa sababu hamkuwaambia watu ni vya nini. Na mimi pia sikuwaambia.”