Kagua Kabla ya Chai

Enid Tranter alikuwa mjane wa fundi magari, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa akimshikia mumewe taa. Cyril akiwa chini ya gari, yeye alichutama pembeni na kusikiliza. Mezani Cyril alikuwa bubu, lakini chini ya gari ulimi wake ulifunguka. "Angalia hapa, Enid. Watu wananunua rangi. Rangi si gari. Gari ni hiki wasichokiona." Kwa hiyo mama huyu, ambaye shule aliiacha mapema, alijua mambo mengi ambayo wenye vyeti hawayajui. Alijua kuinua kapeti na kubonyeza bati la sakafu kwa kidole. Alijua kupitisha sumaku kwenye kingo za chini ya milango, maana sumaku hung'ang'ania chuma lakini puti, ule udongo wa kuzibia kutu, haiushiki. Na alijua kuwa injini ya gari kuukuu hukaguliwa ikiwa baridi. Mwenye gari akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, jiulize anaficha nini.

Sasa Cyril alikuwa na miaka sita kaburini. Nyumba ilibaki peke yake mwisho wa njia nyembamba, shamba la kabichi upande huu, mtaro wa maji upande ule, na uwanda wa Lincolnshire umelala bapa hadi macho yanachoka. Huko mgeni unamwona dakika kumi kabla hajafika. Tabu ni kwamba mgeni mwenyewe hakuwapo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Adrian, mwenye miaka thelathini, akifanya kazi ya kuchora ramani Sheffield. Alikuja Krismasi, akaja tena mara moja Agosti. Kila mama yake alipomuuliza kwenye simu, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, treni inaniacha mbali, na Jumapili basi lenu halitembei. Nikipata gari, kila Jumapili utaniona mpaka unichoke."

Enid aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika nguzo penye upepo.

Basi siku moja ya Machi alikwenda posta kununua stempu, akaona kadi imebandikwa dirishani, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kizamani: Morris Minor ya mwaka 1967, ya kijani, ilikuwa ya marehemu mke wangu, uliza kwa P. Hallam. Stempu alizisahau. Alirudi nyumbani haraka akapiga simu.

"Adrian, gari kama yale ya baba yako. Kijani."

"Mama, unanipigia kazini kwa ajili ya gari?"

"Nakupigia kwa ajili ya Jumapili."

Adrian akacheka. "Haya, bi mkubwa. Jumamosi nakuja tulione. Lakini wewe ndiye fundi, mimi najua kuendesha tu."

Jumamosi ile Enid alitia sumaku ya Cyril ndani ya soksi, akaiweka mkobani. Walimkuta Bwana Percy Hallam amesimama mlangoni amevaa tai. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, mabega yamekwisha kushuka. Hata gari hawajaliona, akawaambia, "Chai kwanza. Nimeoka keki. Msiitarajie sana, yai lilikuwa moja."

Nawaambia ninyi mnaosoma, hapo ndipo pa kuogopa. Kwa watu wa kule, ukishainywa chai ya mtu huwezi tena kulala chali chini ya gari lake na kugonga mabati. Ni kama kumwita mwongo mezani pake. Cyril alikuwa akisema: kagua ungali na kiu. Enid aliyajua hayo. Lakini mzee alikuwa amekwisha kutoa vikombe vya maua, na ilionekana vilikuwa havijatoka kabatini siku nyingi, kwa sababu alivifuta kimoja kimoja mbele yao. Enid akanywa.

Mzee aliongea kama mfereji uliozibuliwa. Mke wake Muriel alikuwa akiliendesha gari hilo kwenda kupiga kinanda kanisani. Tangu afe lilikaa gereji miaka kumi na moja. Mwaka jana alimwita kijana mmoja akalipaka rangi mpya, na chini akalipiga rangi nyeusi nzito ili maji yasiingie.

"Na zuri zaidi," akasema, "halilazimishwi kwenda kukaguliwa kila mwaka. Limeshavuka miaka arobaini. Serikali imelistaafisha kama mimi, hakuna anayeuliza tena kama linapumua."

Adrian akacheka sana. Enid hakucheka. Akaaga kwamba anatoka kuvuta hewa.

Gari lilikuwa uani, linang'aa kama tufaha lililooshwa. Enid akafungua mlango, akanusa: unyevu. Akainua kapeti upande wa dereva, akabonyeza. Bati likabonyea kidogo kama mkate wa juzi, lakini halikutoboka. Sumaku ilishika hapa, ikadondoka pale. Hayo yangeweza kutengenezwa. Akaenda mbele, akapiga magoti kwenye kokoto, akachungulia nyuma ya gurudumu la kulia. Magari haya gurudumu la mbele husimama juu ya kiungo chenye nyuzi kama za skrubu, na kiungo hicho kinataka grisi mara kwa mara kama mtoto anavyotaka uji. Kikikosa, nyuzi hulika taratibu, kimya kimya, na siku moja dereva akikata kona gurudumu linajikunja chini ya gari kama mguu wa ndama. Tundu la kutilia grisi lilikuwa limefunikwa kabisa na ile rangi nyeusi. Enid akashika tairi juu kwa mikono miwili, akalisukuma na kulivuta. Ko. Akarudia. Ko.

"Mama Tranter! Umedondosha kitu?"

Bwana Hallam alikuwa nyuma yake na Adrian, kikombe bado mkononi. Enid alihisi uso wake ukiwaka moto, mtu mzima kukamatwa amepiga magoti kwenye gari la mwenzake.

"Hereni," akasema. Masikio yake hayakuwa na hereni tangu asubuhi.

"Maskini! Ngoja." Mzee akaweka kikombe juu ya boneti, akashuka chini na magoti yake mabovu, akaanza kupapasa kokoto. "Ya dhahabu au ya fedha?"

"Ya... ndogo tu. Acha, Bwana Hallam, haina maana."

"Kila kitu kina maana, mama. Muriel alipoteza yake kanisani tukaitafuta wiki nzima."

"Mama," Adrian akanong'ona huku akizuia kicheko, "mnyanyue mzee wa watu kabla hatujamnunua na yeye." Kisha akauliza kwa sauti, "Eti fundi, gari vipi?"

Enid akamtazama mwanawe. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, mkono juu ya paa, kama Cyril alivyokuwa akisimama. Akisema neno moja, kijana atapanda treni jioni na gari litakuwa hadithi, na yeye atamwona Agosti. Akajiambia, nitamwambia baadaye. Grisi kidogo tu. Atalipeleka kwa fundi.

"Si baya," akasema.

Adrian akalinunua.

Jumapili ya kwanza Enid aliliona likija kwa mbali, tone la kijani kwenye uwanda, akasimama dirishani dakika kumi zote. Walikula kondoo wa kuoka na viazi, Adrian akasimulia habari za ofisini, akalala kwenye kiti cha baba yake mdomo wazi. Enid akakaa akimtazama tu. Sahani mbili za kuosha! Alijikuta anaosha polepole ili zisiishe.

Jumapili ya pili alikuwa amejipanga kusema. Adrian akasema, "Mama, hata sijui kwa nini sikufanya hivi zamani," na maneno yakarudi tumboni. Jumapili ya tatu, kijana alipolala, Enid alichukua bomba la grisi la Cyril, akatoka, akakwangua rangi kwa kisu cha viazi, akabana. Grisi haikuingia. Ilifurika nje ikaanguka kwenye majani. Ndani mlikuwa mmeziba, pengine zamani sana. Alifuta mikono kwa aproni, akaingia ndani, akakata keki. Sasa hata kisingizio cha kutojua hakuwa nacho. Wakati Adrian anaondoka alimwambia, "Endesha polepole, mwanangu."

"Mama, hili gari lina njia nyingine ya kwenda?"

Jumapili ya tano aliliona tone la kijani kama kawaida. Lilikuja, likafika kwenye kona ya kuingilia njia yake, pale mtaro ulipo karibu kabisa na lami. Likakata kona. Kisha halikuwapo. Uwanda ulikuwa vile vile, kabichi vile vile, ila barabara ilikuwa tupu.

Enid alikimbia na viatu vya ndani. Alipofika, mkulima wa jirani alikuwa amekwisha kuingia majini hadi kiunoni na kumvuta Adrian kupitia dirishani. Gari limelala ubavu, gurudumu la kulia limekunjika chini. Kijana alikuwa hai. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na alikuwa amemeza maji ya mtaro. Mtulinga huunga. Watu kule wamefia kwenye mitaro kama ile, maji ya kina cha kiuno tu.

Alasiri hospitali, akiwa amefungwa bega, Adrian alikuwa na hasira iliyomfanya asahau maumivu.

"Yule mzee alijua, Mama. Na chai yake na keki yake! Akalipaka rangi nyeusi ili nisione. Nikitoka hapa namfuata mpaka mlangoni. Namshtaki. Kijiji kizima kitamjua."

Enid alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mkoba magotini. Akilini alimwona mzee yule akifungua mlango na tai yake, akidhani amepata wageni.

"Hakujua," akasema.

"Mama, usimtetee."

"Mwalimu wa jiografia, Adrian. Hajui hata boneti inafunguliwaje." Akavuta pumzi. "Mimi nilijua."

Adrian akageuza kichwa, polepole kwa sababu ya bega. "Ulijua nini?"

"Gurudumu. Siku ile ile. Nililisikia linagonga."

"Ile hereni..."

"Haikuwapo hereni."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakohoa. Adrian alimtazama mama yake kama anayesoma ramani ya mahali asipopajua.

"Wiki tano, Mama. Umenipikia Jumapili nne, ukanipungia mkono nikiondoka."

"Nilitaka uje."

"Ungeniambia hivyo! Ungesema tu: Adrian, nimechoka kukaa peke yangu. Ningekuja kwa miguu."

Huenda angekuja, huenda asingekuja. Mtu aliyelala kitandani ni rahisi kusema hivyo. Lakini Enid hakuwahi kumwomba, hata mara moja. Mama wa kule huomba mambo yote isipokuwa hilo. Huuliza kama umekula, kama unavaa sweta.

Muuguzi akaja kupima joto. Adrian akamuuliza yeye, si mama yake, kama kesho ataruhusiwa, na kama rafiki yake wa ofisini anaweza kuja kumchukua hadi Sheffield.

Enid akainuka kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Nguo za Adrian zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, zimelowa, zinanuka tope. Akazitoa, suruali, shati, soksi, akaanza kuzikunja ili azitie mkobani.

"Ziache, Mama," Adrian akasema, macho yake dirishani. "Nitazifua mwenyewe."

Akazirudisha mfukoni moja moja, soksi mwishoni, akafunga mfuko kwa fundo jepesi ambalo mtu mwenye mkono mmoja anaweza kulifungua.